Tuya na Sipre ndani ya Lupango: historia ya kijani kisichokauka hapa Lubumbashi

Ndugu msomaji, pita siku moja ya mwezi wa nane ndani ya mitaa yetu, toka Kamalondo mpaka Katuba, kiisha upande Golf na Makomeno. Mvua ya mwisho ilianguka mwezi wa nne. Majani ya njiani yamekuwa sawa karatasi ya zamani, vumbi nyekundu imepanda juu ya mabati, na jioni anga inanuka moshi wa pori linaloungua. Lakini mbele ya mlango wa nyumba moja, halafu nyingine, utaona kamuti kadogo, kijani, kamesimama wima kama mlinzi. Wengine wanakaita tuya, wengine sipre, wengine sapini. Watoto wanakaita tu muti ya Noeli.

Sisi tunaoandika katika kijitabu hiki tumezoea kueleza mila za ndoa, za kilio, za majina na za chakula. Mara hii tumependa kueleza huu mti mdogo. Msomaji atauliza: mti wa bustani unaingia wapi katika mila? Jibu letu ni kwamba mtu hapandi kitu mbele ya mlango wake bila sababu. Ukijua nani alipanda, mwaka gani, na juu ya nini, umejua sehemu kubwa ya historia ya mji huu. Na ukijua kwa nini mti ule unazidi kuwa mfupi, umejua jambo moja linalotusumbua leo.

1. Mti mgeni

Tuanze na ukweli mmoja. Pori letu la miombo, lile lililozunguka Lubumbashi kabla ya makala kulimaliza, halina mti wa jamii hii. Miti yetu inaangusha majani wakati wa kiangazi. Halafu, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, mwezi wa nane na wa tisa, inatoa majani mapya mekundu, rangi ya mukuba kabisa. Huo ndio uzuri wa Katanga, na aliyezaliwa hapa hausahau.

Miti ya sipre na tuya inafanya kinyume. Majani yake ni madogo, mengine kama magamba, mengine kama sindano, na hayaanguki yote kwa mara moja. Kila jani linakaa zaidi ya mwaka mmoja. Badala ya ua lenye rangi, miti hii inazaa vikonyo vigumu vyenye mbegu ndani. Afrika inayo ndugu zake, lakini wako milimani: mwangati wa Kenya na Ethiopia, podo ya milima ya Kivu, na mwerezi wa mlima Mulanje kule Malawi. Hapa kwetu, kwenye metre 1,200 hivi juu ya bahari, hakuna aliyeukuta ukiota wenyewe. Wote uliletwa.

Na uliletwa toka mbali. Sipre inayoonekana zaidi katika Afrika ya mashariki na ya kati ni Cupressus lusitanica. Jina lake linataja Ureno, lakini kwao kwa kweli ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Tuya ya bustani zetu, ile yenye majani yaliyosimama kama kurasa za kitabu, ni Platycladus orientalis, na kwao ni China. Ile yenye matawi ya ngazi kwa ngazi, inayouzwa ndani ya vyungu, ni Araucaria heterophylla, ya kisiwa cha Norfolk katika bahari ya Pasifiki. Hata jakaranda, ambayo tunaihesabu kama mzaliwa wa mji, ilitoka Amerika ya Kusini. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tutaona kama mwenyeji alipona.

2. Mji uliopimwa kwa kamba

Mji wetu ulianza mwaka 1910. Ni mwaka ule ule ambao njia ya reli ilifika toka upande wa kusini. Emile Wangermée, aliyeongoza Katanga kwa jina la Wabelgiji, alikata avenyu zilizonyooka, zikakatana kama mistari ya daftari. Mwaka uliofuata, 1911, fulu za Union Minière zilimwaga mukuba wa kwanza. Pori liling'olewa, kiisha miti mingine ikapandwa kwa safu pembeni ya njia. Ndipo mji ukapata jakaranda zake, zinazofanya mwezi wa tisa na wa kumi kuwa wa zambarau.

Ndani ya mji wa Wazungu kila nyumba ilikaa katikati ya lupango kubwa. Tutulie kidogo kwenye neno hili. Katika lugha zetu, kama Kibemba na Kiluba, lupango lilikuwa kwanza ua wenyewe, yaani fito zilizozunguka mahali pa watu. Mji ndio uliogeuza maana: lupango ikawa kiwanja chote, pamoja na nyumba, choo na miembe. Kwa hiyo kila mara tunaposema "lupango yetu", bila kujua tunasema "ua wetu". Na ua wa Wazungu ulikuwa wa miti hai: lantana, bugenvilia, na sipre iliyokatwa kwa makasi ikawa ukuta wa kijani.

Nani aliikata? Maboyi. Kila asubuhi walitoka sité, wakavuka ile zone neutre, eneo tupu lililotenga mji wa Wazungu na sité ya Waafrika, wakaenda kumwagilia maua ambayo jioni hawakuruhusiwa kukaa karibu nayo. Usiku Mwafrika hakutembea mjini bila karatasi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili, akisimama upande wa wale waliofanya kazi ya boyi. Kazi hiyo inatufundisha kitu kimoja: mji wa Wazungu ulijulikana vizuri zaidi na mtu aliyefagia ndani yake kuliko na mwenye nyumba. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa bustani. Boyi ndiye aliyejua tuya inakunywa maji kiasi gani, na kwamba sipre ukiikata vibaya haisameheki.

Kule sité na ndani ya makambi ya Union Minière, desturi ilikuwa tofauti. Mama wa kwetu alijulikana kwa uwanja uliofagiwa paka udongo ung'ae. Jani lililobaki uwanjani lilikuwa aibu, na tena lilificha nyoka. Toka mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilianza kutaka wafanyakazi wakae na wake na watoto, wasirudi tena vijijini kila mwisho wa mkataba. Baadaye yakaja mafoyer social, na maassistante waliopita nyumba kwa nyumba kuangalia usafi, chakula na watoto. Uwanja ukapewa sura mpya: kasehemu ka maua mbele, miti ya matunda nyuma. Muembe na mvokati zilileta chakula, na hakuna aliyeuliza juu ya nini zimepandwa. Tuya haikuleta kitu mezani. Aliyeipanda mlangoni alikuwa anasema jambo: mimi pia ni mtu wa mji, nyumba yangu pia ina mbele yake.

Wengine leo wanaona hapo ni kuiga Wazungu tu. Hatukubaliani nao kabisa. Mtu aliyekatazwa kukaa ndani ya bustani, akaenda kupanda yake mwenyewe katika kiwanja kidogo cha sité, anafanya zaidi ya kuiga.

3. Mti na moshi

Kuna ukurasa wa historia hii ambao hauna sifa. Bomba kubwa la kiwanda lilitoa moshi wenye salfa kwa miaka zaidi ya themanini. Upepo wetu unatoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulikwenda zaidi upande wa kaskazini-magharibi. Udongo ulijaa mukuba na metali zingine, pori likafa, mvua ikachukua udongo wa juu. Kilima cha Penga Penga ni shahidi: pale ambapo miombo ilisimama, palibaki mawe na majani machache yanayovumilia mukuba. Watafiti wa kitivo cha kilimo cha chuo kikuu chetu wamejaribu kufunika udongo ule kwa majani hayo hayo yanayovumilia, kama Microchloa kunthii, ili vumbi yenye sumu isiruke tena.

Miti ya kijani cha daima inaumia na moshi wa namna hiyo kuliko mingine, na sababu yake ni rahisi. Mti unaoangusha majani kila mwaka unajitupia uchafu wake chini. Sipre na msonobari unabaki na jani lile lile muda mrefu, na jani linapokea moshi siku kwa siku paka ncha yake igeuke kahawia. Mtu wa Lubumbashi aliyeona tuya yake ikiungua upande mmoja tu, upande wa upepo, hakuhitaji mashine ya kupima hewa.

4. Muti ya ukumbusho

Sasa tufike penye mila yenyewe. Kupanda mti hai uwanjani kwa ajili ya mtu hakukuja na Wazungu. Kwa Walunda, watu wa Mwant Yav, na hasa kwa ndugu zao Wandembu wa kaskazini-magharibi ya Zambia, mti muyombu hupandwa kijijini kwa kumbukumbu ya marehemu. Fimbo yake ikichomekwa chini inachipuka yenyewe. Mbele yake watu walimwaga pombe, wakapaka udongo mweupe wa pemba, wakaita majina ya wazee. Mtaalamu Victor Turner, aliyekaa na Wandembu miaka ya 1950, aliandika sana juu ya mti huo. Muyombu si pambo la uwanja. Ni mahali ambapo mtu aliyekufa anaendelea kuwa na anwani.

Kazi za mukuba zilipokusanya hapa Waluba, Walunda, Wabemba, Walamba, Wasanga, watu wa Kasai na wengine, kila mmoja aliacha miti yake nyuma. Ndani ya kambi huwezi kumwaga pombe chini ya muyombu huku jirani na padri wanakutazama. Lakini hamu ya kuwa na mti wa mtu ilibaki. Sisi tunaona kwamba tuya na sipre zilipata nafasi hapo, bila mtu kuamuru. Padri mwenyewe alileta sipre makaburini, juu ya desturi ya zamani ya watu wa bahari ya Mediterranea, ambao toka wakati wa Waroma waliufanya mti wa wafu. Noeli ilileta tawi la sapini ndani ya sebule, mwezi wa kumi na mbili, wakati hapa kwetu hakuna theluji ila mvua na matope. Kiisha watu wakaongeza zao: tuya ya mtoto wa kwanza, tuya ya ndoa, tuya ya siku baba alipopata pensioni.

Wazee wetu wanajua neno "ukumbusho". Miaka ya 1970 picha za ukumbusho zilitundikwa katika sebule nyingi za Katanga. Wachoraji kama Tshibumba Kanda Matulu walichora historia ya nchi ili mtu akiwa amekaa na wageni wake aitazame na aanze kueleza. Tuya ya mlangoni ilifanya kazi ile ile, lakini nje ya nyumba. Mgeni anauliza, "Hii muti ni ya myaka ngapi?" na mwenye lupango anavuta kiti.

5. Toka ua mpaka ukuta

Tulizaliwa katika mji wa nyua za majani, na tunazeeka katika mji wa kuta. Mageuzi hayo hayakufanyika siku moja.

Baada ya 1960, mwaka wa uhuru na wa kujitenga kwa Katanga, Wakongo waliingia katika nyumba za mji. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, na mwaka 1967 Gécamines ikachukua nafasi ya Union Minière. Boyi wa jana, au mtoto wake, akawa mwenye ua. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema kwamba udongo ni wa Taifa, na mtu anapewa haki ya kuutumia. Toka hapo karatasi na borne zikawa maneno ya kila nyumba. Lakini katika sité karatasi nyingi hazikukamilika, na watu waliendelea kuonyeshana mpaka kwa kidole: toka kwa muembe huu mpaka kwa sipre ile.

Kisha ikafika mwaka 1991 na uporaji wake. Anayekumbuka usiku ule wa mwezi wa kumi anajua ua wa sipre unamzuia nani: hakuna. Waliokuwa na kitu walijenga ukuta wa matofali, wakaweka vipande vya chupa juu yake. Waliokosa walikata ua juu ya kuni. Gécamines ikaanguka, mishahara ikachelewa, na bustani za maua zikawa za mahindi, mihogo na lengalenga. Mwaka 2003 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 walipewa pesa ya kuondoka. Katika miaka ile hakuna aliyemcheka mtu aliyeng'oa rozi na kupanda viazi vitamu.

Kiisha kanuni mpya ya migodi ya 2002 ilileta makampuni mengine na pesa nyingine. Nyumba mpya zikapanda, na bei ya udongo ikapanda nazo. Watoto wa lupango moja wakaikata mbili, tatu, nne. Leo mji una watu zaidi ya milioni mbili, na nyumba nyingi hazina tena mbele: mlango unafunguka, unakuta gari, kiisha ukuta. Katika nafasi hiyo ya hatua mbili, kati ya ukuta na gari, ndipo mti kibete umeingia. Tuya imekuwa ndogo juu lupango imekuwa ndogo.

6. Kibete wa kweli na kibete wa mukebe

Ndugu msomaji, hapa tunaomba uangalie vizuri, kwa sababu wengi wanadanganyika.

Kuna miti ya jamii hii ambayo kweli ni vibete. Haikukaushwa wala kufungwa ndani ya chungu, imezaliwa hivyo. Wataalamu wa bustani wanaita kibete mti usioongeza zaidi ya sentimeta 15 kwa mwaka. Mingine inatokea pale mbegu moja kati ya maelfu inapotoa mche wa ajabu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1904 kule Kanada, katika milima ya Rocky, wataalamu wawili walipokuta vimiti vidogo vyenye umbo la pembe kali. Leo mti huo umejaa bustani za Ulaya na Marekani. Mingine inatokea juu ya mti mkubwa: tawi moja linaanza kutoa vitawi vingi, vifupi, vilivyofungana kama kiota. Wafaransa na Wabelgiji wanakiita kitu hicho fagio la mchawi. Hapa kwetu, ambapo neno la uchawi limevunja nyumba nyingi, tusiogope: hakuna mtu aliyekitupa pale. Ni badiliko la mti wenyewe, au ugonjwa mdogo wake. Mtu akikata kitawi toka fagio hilo, akakiotesha, anaweza kupata mti kibete wa maisha yote.

Jambo la kushika ni hili: ufupi huo haupiti vizuri katika mbegu. Ukipanda mbegu ya kibete, mara nyingi unapata mti mrefu. Ufupi unapita katika kitawi, yaani toka mwili wa mti mmoja kwenda mwingine.

Kinyume chake, vimiti vingi vinavyouzwa njiani ndani ya mikebe si vibete. Ni watoto wa miti mikubwa. Ile sipre nzuri ya sentimeta 40 inaweza kufika metre 30. Ile araucaria ya chungu, kwao Norfolk, inafika metre 50. Ukiipanda hatua moja toka ukuta, katika miaka kumi na mitano mizizi na kivuli vitakuwa kesi na jirani. Kwa hiyo muulize muuzaji: mama yake uko wapi, na uko na urefu gani? Akikosa jibu, chukua tuya ya China ya aina fupi, ile ya rangi ya dhahabu inayofanya duara kama yai. Hiyo inavumilia jua letu na baridi ya mwezi wa sita. Ile ya Kanada inahitaji majira ya baridi kali ambayo hatuna, na hapa itadhoofika.

Matunzo yake si magumu. Panda mwezi wa kumi na moja, mvua ikishashika. Udongo wetu mwekundu una uchachu, na udongo wa kichuguu kikubwa una chokaa zaidi. Wakulima wanaujua tangu zamani. Changanya kidogo katika shimo au chungu. Usipande bondeni ambapo maji yanasimama mwezi wa pili, mizizi itaoza. Wakati wa kiangazi mwagilia asubuhi, na mara kwa mara rusha maji juu ya majani, kwa sababu vumbi inaalika vidudu vidogo vinavyofanya utando. Ukikata, kata paka sehemu yenye majani ya kijani. Ukifika kwenye tawi kavu la ndani, sipre haichipuki tena, na tundu hilo litabaki.

Adui mwingine tumjue kwa jina: kidukari cha sipre. Kilionekana Malawi mwaka 1986, na kufika 1990 kilikuwa kimeshafika Kenya. Kilikausha nyua na mashamba ya sipre katika nchi nyingi jirani, na Kongo haikusalimika. Kule Malawi walileta kinyigu kidogo kinachokula kidukari hicho. Mwenye tuya akiona tawi linageuka kahawia toka ndani, na chini yake kuna utomvu wa sukari na masizi meusi, akate tawi lile na alichome, asingoje.

7. Lupango moja ya Katuba

Tunamaliza na jambo tuliloliona wenyewe, bila kutaja jina la mtu. Katika lupango moja ya Katuba, baba wa nyumba, mfanyakazi wa zamani, alipanda tuya kwenye pembe, mwaka alipozaliwa mtoto wake wa kwanza. Alipofariki, watoto walipatana kugawa lupango: nusu ya mbele iuzwe, nusu ya nyuma ibaki na mama. Mnunuzi alitaka ukuta haraka. Kijana mmoja alishika panga.

Mama mzee wa jirani alitoka, akasema, "Bana bangu, ile tuya baba yenu alipanda paka pa borne. Mukikata, mutajua mwisho wa lupango namna gani?"

Kijana akajibu kwa heshima, lakini akajibu: "Mama, munisamehe. Hii muti haizae hata tunda moja. Tuiache juu ya nini?"

Waliukata. Borne haikuonekana, labda mizizi iliimeza, labda iliondolewa siku nyingi. Karatasi ilitaja metre, lakini toka wapi? Ukuta ulipopanda, jirani wa upande wa pili alilalamika kwamba umeingia kwake. Ndugu mmoja alisema ndiyo, mwingine alisema hapana. Kesi ilichukua majira mawili ya mvua, ikala sehemu kubwa ya pesa ya kuuza. Mpaka leo ndugu wale wawili hawakunywi maji ya nyumba moja.

Hatusemi kwamba mti ungeleta amani. Wenye kugombania udongo wanapata sababu. Lakini mti ule ulikuwa shahidi wa mwisho aliyemwona baba akipima, na waliumaliza kabla ya kuuliza.

Tulipokwenda kumsalimia mama wa nyumba, tulikuta nyuma ya jiko mikebe mitatu ya maziwa. Siku ile ya panga alikuwa ameokota vitawi, akavichomeka katika mchanga na udongo, akavifunika na mfuko wa plastiki wenye matundu. Viwili vilikufa. Cha tatu kilikuwa na ncha mpya ya kijani, urefu wa kidole.

"Kitakuwa kirefu sawa kile cha baba?" tulimuuliza.

Alicheka. "Nani ataona? Lupango yangu sasa ni hii," akaonyesha toka mlango mpaka ukuta, hatua nane hivi. "Nitakikata-kata kikae kifupi. Lakini ni ile ile ya baba yao."

Alisema kweli, hata kwa elimu ya miti: kitawi si mtoto wa mti, ni mti wenyewe unaoendelea.

Kwa hiyo ombi letu kwa wasomaji ni dogo. Wenye lupango kubwa wasiione aibu kuacha ua wa miti ndani ya ukuta. Wenye hatua mbili tu wapande kibete wa kweli, na waandike nyuma ya karatasi ya lupango: nani alipanda, mwaka gani, hatua ngapi toka borne. Na yeyote anayeshika panga, hata kama mti ni wake, amuulize kwanza mama mzee wa jirani. Mama wale wanapungua kila mwaka, na wanayoyajua hayajaandikwa popote.